Maji Matamu Chini ya Mchanga: Kumbukumbu za Shela

Shela ni mji mdogo ulio kusini-mashariki mwa kisiwa cha Lamu, umbali wa kilomita tatu hivi kutoka mji mkongwe wa Lamu, mahali ambapo mkondo unaotenganisha kisiwa hicho na Manda unafunguka na kukutana na Bahari ya Hindi. Nyuma ya nyumba zake za mawe huanza milima ya mchanga inayoufuata ufuo kwa takriban kilomita 12 kuelekea kusini-magharibi, na ng'ambo ya visiwa vya kaskazini iko hifadhi ya bahari ya Kiunga, ambayo baadhi ya wageni wa Shela huifikia kwa mashua. Kwa sababu ya ufuo huo, nyumba hizo na hifadhi hiyo, Shela umekuwa mji wa watalii, maneno yanayotumika hapa kwa maana ya makazi ambayo ajira zake, bei ya ardhi yake na hata mpango wa mwaka wake hutegemea kwa sehemu kubwa watu wanaokuja kupumzika na kuondoka. Swali linalochunguzwa katika makala haya ni mji wa namna hiyo unaishi kwa kitu gani hasa, kwa kuwa kile ambacho mgeni hukilipia na kile kinachomwezesha kukaa hapo ni vitu viwili tofauti.

Swali hili limepata uzito mpya tangu kuanza kwa mradi wa LAPSSET, yaani ukanda wa bandari, barabara, reli na mabomba unaokusudiwa kuiunganisha Lamu na Ethiopia na Sudan Kusini, uliozinduliwa tarehe 2 Machi 2012 na ambao gati yake ya kwanza ilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Ndani ya mpango huo umo pia ujenzi wa miji ya mapumziko katika sehemu tatu za Kenya, ikiwemo Lamu. Mjadala juu ya mji huo wa mapumziko, pamoja na majengo ambayo yamekuwa yakipanda kidogo kidogo kuelekea kwenye mchanga wa Shela, ndio uliomrudisha mwandishi wa makala haya, mwalimu wa jiografia aliyezaliwa na kukulia Mombasa, kwenye kumbukumbu za ziara zake za Shela kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Ziara hizo hazikuwa za utafiti, lakini kila moja ilifunua upande fulani wa jambo ambalo vitabu vya utalii havilitaji.

Historia ya Shela haielezeki bila kuvuka mkondo hadi Manda. Mapokeo ya wenyeji yanasema kwamba walioanzisha mji huu walitoka Takwa, mji uliostawi Manda baina ya karne ya 15 na ya 17 kisha ukahamwa, na miongoni mwa sababu ambazo wataalamu wa mambo ya kale wanazitaja kuhusu kuhamwa huko, pamoja na ugomvi na mji wa Pate na maradhi, ni kuingia chumvi kwa visima vya maji matamu. Wazao wa Takwa hawakuuacha mji wa wazee wao. Kwa vizazi vingi wamekuwa wakivuka kwenda kwenye kaburi la nguzo lililoko huko, yaani kaburi lililojengewa nguzo ndefu ya mawe kwa heshima ya aliyelazwa ndani yake, ili kusoma dua na kuomba mvua. Kwa hiyo, muda mrefu kabla ya mtalii wa kwanza kufika, jamii ya Shela ilikwisha kubeba katika kumbukumbu zake habari ya mji ambao huenda ulikufa kwa kukosa maji ya kunywa, na ikaihifadhi habari hiyo kwa njia ya ibada.

Mambo yaliyofuata yanaweza kupitiwa kwa haraka. Katika vita vya Shela, vilivyopiganwa mwaka 1812 au 1813, watu wa Lamu waliwashinda Wamazrui, watawala wa Mombasa, pamoja na washirika wao wa Pate kwenye ufuo huu huu, wakaomba ulinzi wa Seyyid Said, mtawala wa Oman, na Shela ukaingia katika kipindi cha neema ambacho alama yake iliyobaki ni msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1829, wenye mnara mweupe unaoonekana tangu baharini. Baadaye mji ulipungua hadi kuwa kijiji cha wavuvi, na nyumba nyingi zikabaki magofu. Hoteli ya Peponi ilifunguliwa ukingoni mwa maji mwaka 1967. Miaka 15 baadaye, mwaka 1982, serikali ya Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi, yaani miti ya mikoko ambayo kwa karne nyingi majahazi yaliipeleka Uarabuni na Ghuba kwa ajili ya kuezekea nyumba, na biashara kubwa iliyokuwa ikiwalisha watu wa visiwa hivi ikakoma. Ni vyema tarehe hizo mbili zisomwe pamoja, kwani Shela haukuchagua utalii kutoka katika orodha ndefu ya riziki; mlango mmoja ulifungwa wakati mwingine ulikuwa umeshafunguliwa.

Mwandishi alipofika Shela kwa mara ya kwanza, alipokewa na familia ya mwalimu mwenzake, akalazwa katika sabule, chumba ambacho nyumba ya Kiamu hukitenga kwa ajili ya mgeni ili aweze kuingia na kutoka bila kupita kwenye sehemu za ndani za wanawake na watoto. Vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake hauwezi kuzidi urefu wa boriti moja, ambao ni mita tatu au pungufu yake kidogo, na kuta zake nene za mawe ya matumbawe huzuia joto la kaskazi kiasi kwamba mtu hahitaji mashine yoyote ya kupoza hewa. Chooni mlikuwa na birika la maji lililojengewa ukutani, na kata ya kifuu cha nazi iliyowekwa juu yake. Mtu mmoja akiyatumia maji hayo kwa adabu, ndoo moja humtosha kuoga na kutia udhu, na wenyeji wa nyumba walimweleza mgeni wao jambo hilo kwa upole siku ile ile ya kwanza.

Nyumba iliyopakana na hiyo ilikuwa imeuzwa kwa mnunuzi kutoka Ulaya, na mafundi walikuwa wakiijenga upya. Wageni wengi, na hata waandishi wa Nairobi, hueleza mauzo ya namna hii kama matokeo ya tamaa au ya ujinga wa wauzaji, lakini maelezo ya mama mwenye nyumba yalikuwa na mantiki nyingine kabisa. Nyumba ile, alisema, ilikuwa ya marehemu babu yao, na kwa hesabu ya mirathi kila mrithi alikuwa na sehemu ndogo isiyotosha hata chumba kimoja. Wengine walikuwa Mombasa, wengine Jeddah, na hakuna aliyeweza peke yake kununua chokaa na boriti za kuizuia isianguke. "Mwanangu," alimwambia mwandishi, "nyumba ya watu wengi haina wa kuipaka chokaa." Mnunuzi alilipa, kila mrithi akapata fungu lake, na nyumba ikasimama tena.

Haki inataka isemwe kwamba wanunuzi wa aina hiyo waliziokoa nyumba nyingi za Shela na kuuhuisha ufundi ambao ulikaribia kusahaulika, kuanzia uchongaji wa milango hadi unakshi wa zidaka, yaani visanduku vya ukutani vinavyopambwa kwa chokaa. Kijana aliyekuwa akiukanda udongo wa chokaa katika nyumba ile ya jirani alikuwa amejifunza kazi hiyo kutoka kwa fundi mzee, na bila ya mwenye fedha wa kumwajiri asingelijifunza. Hata hivyo katika uwanda wa nyumba, mahali palipokuwa na kisima, mafundi walikuwa wakichimba bwawa la kuogelea, na kila chumba cha kulala kilikuwa kinawekewa bafu lake. Sura ya nyumba ilirudi kuwa ya kale, ilhali matumizi yake ya maji yalikuwa ya namna ambayo Shela haujapata kuiona, na hakuna mtu aliyeonekana kuhesabu tofauti hiyo.

Elimu ya mchanga mwandishi aliipata katika ziara iliyofuata, kutoka kwa mzee aliyekuwa akisafisha visima kwa ujira. Mzee huyo alimpandisha hadi juu ya milima ya mchanga wakati wa alasiri, akamwonyesha mlakasa, mmea unaotambaa wenye maua ya zambarau, na majani mengine magumu yanayoshikilia mchanga usipeperushwe na kusi, yaani upepo wa kutoka kusini unaovuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba. Alieleza kwamba mlima wenye majani hukaa na mlima uliovuliwa majani huhama, na kwamba maji yanayonywewa mjini hutoka chini ya ule unaokaa. Si Shela peke yake uliokuwa ukiyanywa maji hayo. Mji wa Lamu nao, wenye maelfu ya watu na ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, hupata maji yake kutoka visima vilivyochimbwa nyuma ya milima hii, baada ya visima vingi vya mjini kuharibika.

Sayansi ya jambo hili ni rahisi kuelezwa na inastahili kujulikana na kila anayejenga pwani. Mvua inaponyesha juu ya mchanga haikimbilii baharini kama inavyofanya juu ya mwamba au saruji, bali huzama upesi na kuchujwa, kisha hukusanyika chini kama tabaka la maji matamu linaloelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Tofauti hiyo ya uzito ni ndogo sana, na kwa sababu hiyo, kwa hesabu ya kinadharia, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hutegemezwa na mita 40 hivi za maji matamu zilizo chini ya usawa huo. Kanuni hiyo ina upande wa pili ambao ni wa kutisha: mahali ambapo uchotaji unashusha uso wa maji kwa mita moja, mpaka wa maji ya chumvi hupanda kwa takriban mita 40, na katika kisiwa ambacho tabaka lenyewe si nene, kisima kinaweza kuharibika kwa kupungua ambako mchotaji hakukuona kwa macho. Chumvi ikishaingia, kuacha kuchota hakuirudishi nyuma kwa msimu mmoja, kwa sababu mvua nyingi huhitajika ili kuisukuma tena chini.

Hapo ndipo kalenda ya utalii inapogongana na kalenda ya mvua. Mvua kubwa za Lamu hunyesha baina ya Aprili na Juni, wakati ambapo bahari imechafuka na hoteli kadhaa hufunga milango yake kwa kukosa wageni. Wageni hujaa kuanzia Desemba hadi Machi, katika kaskazi, wakati maji ya bahari yanapotulia na anga kuwa safi, na Januari na Februari ndiyo miezi mikavu kuliko yote katika mwaka. Kwa maneno mengine, mji huchota kwa wingi zaidi katika majira ambayo tabaka la maji halipati hata tone. Mzee wa visima hakuhitaji mizani wala vipimo kuyajua hayo, kwani alikuwa akionja. Alisema kwamba miaka iliyopita chumvi ilikuwa ikianza kusikika ulimini karibu na mwisho wa Machi, na kwamba siku hizo ilikuwa ikisikika mapema zaidi, katika visima vilivyo karibu na nyumba kubwa kabla ya vingine. Mwandishi, aliyekuwa amefundisha habari za maji ya chini ya ardhi kutoka vitabuni kwa miaka kadhaa, aliliona somo lake likisimama mbele yake kwa lugha ya mtu ambaye hakuwahi kuingia katika darasa la jiografia.

Safari ya Kiunga ilitoa mfano wa kulinganisha. Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Kiunga iliundwa mwaka 1979, ikiwa na eneo la takriban kilomita za mraba 250 za matumbawe, nyasi za baharini na mikoko, na bara, mkabala na sehemu hizo, zimo hifadhi za Boni na Dodori zilizoundwa mwaka 1976. Sheria ya Kenya hutofautisha hifadhi za aina mbili: ile ambayo matumizi yote ya rasilimali yamekatazwa, na ile ambayo wenyeji huruhusiwa kuendelea na matumizi fulani, kama vile uvuvi wa jadi. Kiunga ni ya aina ya pili. Nahodha aliyeichukua mashua kutoka Shela alingoja maji yajae ili apite katika mlango wa Mkanda, baina ya Manda na bara, kwani maji yakipwa njia hiyo hubaki matope na mizizi ya mikoko, na katika kungoja huko alieleza bila kuulizwa ni nyavu zipi zinazoruhusiwa na zipi zilizokatazwa, wapi kasa hutaga mayai yao, na kwa nini nguva, mnyama wa baharini anayekula nyasi na ambaye sasa ni adimu mno katika pwani ya Kenya, hatakiwi kunaswa hata kwa bahati mbaya. Hakuzikubali kanuni zote. Alilalamika kwamba baadhi yake zilitungwa na watu wasiojua bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kiasi. Lakini alizijua, kwa sababu hifadhi hiyo ilikuwa na mpaka, ilikuwa na askari wa wanyamapori, na mgeni alilipa ada ili aingie.

Milima ya mchanga ya Shela, kinyume chake, mgeni huipanda bure ili kutazama jua likizama. Kisheria nayo imetambuliwa kuwa eneo la kuhifadhiwa kama chanzo cha maji, lakini hati za viwanja zimekuwa zikigombaniwa juu yake kwa miaka mingi, kuta zimejengwa, na hakuna lango wala ada wala mtu wa kumwambia mtalii kwamba bilauri ya maji aliyokunywa asubuhi imetoka chini ya nyayo zake. Matumbawe ya Kiunga yalipata ulinzi kwa sababu uzuri wake unaonekana. Mchanga ulihesabiwa kuwa ardhi tupu, ingawa bila ya matumbawe Shela ungekosa baadhi ya wageni, na bila ya maji yaliyo chini ya mchanga pasingekuwa na Shela.

Mwaka 2011 ulileta aina nyingine ya mafunzo. Mnamo Septemba mwaka huo watalii wawili walishambuliwa huko Kiwayu, upande wa Kiunga, mmoja akauawa na mwingine akatekwa, na tarehe 1 Oktoba mwanamke Mfaransa alitekwa nyumbani kwake Manda, ng'ambo tu ya Shela, akafia Somalia akiwa mateka. Serikali za Ulaya ziliwaonya raia wao wasiende Lamu, na katika muda wa siku chache mji ulikuwa mtupu. Mwandishi alipofika miezi michache baadaye alikuta mashua zimepandishwa pwani katikati ya kaskazi, wapishi na wahudumu wamerudi kwao bara, na mafundi wamekaa barazani. Waliokuwa bado na wavu au na shamba la minazi walikula kutokana navyo. Walioviuza ili kununua mashua ya kutembeza wageni hawakuwa na pa kurudi. Kisha ikaja Juni 2014, ambapo zaidi ya watu 60 waliuawa katika mji wa Mpeketoni, upande wa bara, na vijiji vya jirani, na mwezi uliofuata ikatangazwa amri ya kutotoka nje usiku katika kaunti nzima ya Lamu, hivyo hata uvuvi wa usiku, uliokuwa kimbilio la mwisho, ukazuiwa. Maonyo ya serikali za kigeni yalikuwa na sababu, lakini hayakutofautisha msitu wa Boni na mtaa wa Shela, na gharama ya kutotofautisha huko ililipwa na watu ambao hawakuwa wamefanya lolote.

Katika kipindi hicho cha utupu mzee wa visima, ambaye nguvu zilikuwa zimeanza kumwishia, alimwomba mwandishi aonje maji ya kisima kimoja kilichokuwa kimeachwa kwa chumvi. Yalikuwa yanarudi kuwa matamu. Kisima kimoja hakithibitishi kanuni, na mvua za mwisho wa mwaka 2011 zilikuwa nzuri, hivyo mtu makini hawezi kusema kwamba kuondoka kwa wageni peke yake ndiko kulikotibu maji. Hata hivyo mzee hakuwa na shaka, naye alilisema jambo hilo kwa huzuni, kwa sababu mwanawe alikuwa mhudumu wa hoteli aliyekosa kazi, na alijua kwamba kile kilichokiponya kisima ndicho kilichoiondoa riziki ya nyumba yake. Hakutaka wageni wasirudi. Alichotaka ni warudi kwa hesabu.

Watalii walirudi, wakakatika tena mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, kisha wakarudi kwa wingi, na Shela ambao mwandishi ameuona katika miaka ya karibuni una majumba mengi zaidi, mabwawa mengi zaidi, na makasha ya maji ya chupa yanayoshushwa kutoka kwenye mashua kwa wale ambao maji ya mji yamekuwa na chumvi vinywani mwao. Kwa upande mwingine, watu wa Lamu wamejifunza kudai. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu huko Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyotokana na ujenzi wa bandari, na ikaona pia kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hukumu hiyo ilihusu bahari, lakini hoja yake, kwamba mradi hauwezi kukichukua kitu wanachokitegemea watu bila kuwauliza na bila kukihesabu, inahusu maji ya chini ya mchanga kwa nguvu ile ile.

Mji wa mapumziko ukijengwa, utahitaji maji ya vitanda vyake, ya bustani zake na ya wafanyakazi wake, na inafaa ijulikane kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa yatatoka wapi, kwa kuwa milima ya Shela haina ya kugawa. Kwa Shela wenyewe kuna hatua zisizongoja mradi wowote. Mipaka ya milima ya mchanga iwekewe alama na hati zilizotolewa ndani yake zifutwe. Kila nyumba yenye bwawa ilazimishwe kuwa na jabia, yaani tangi la kukingia maji ya mvua kutoka darini, ambalo wazee walilijenga katika miji ya pwani hii. Na mgeni alipe kwa ajili ya mchanga kama anavyolipa kwa ajili ya Kiunga. Kiwango cha chumvi katika visima nacho kipimwe kila mwezi, kazi ambayo kifaa cha bei ndogo na mwanafunzi wa sekondari wanaiweza, kisha matokeo yabandikwe penye msikiti wa Ijumaa na kwenye gati ambako mashua za wageni hufunga, ili mwenye hoteli, mvuvi na mtalii waisome namba ile ile, na ili Januari inapofika ijulikane wazi ni bwawa lipi linalopaswa kubaki bila maji.